Hewa ya Nyumbani: Somo la Vikundi vya Wafanyakazi



Wazee wetu waliochimba shaba Kilembe, kuanzia 1956 hadi uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na somo moja ambalo hawakulihitaji kitabuni. Chini ya ardhi hewa haiji yenyewe. Ni lazima ipewe njia ya kuingilia na njia nyingine ya kutokea, na njia moja ikizibwa ile ya pili haifai kitu. Mchimba madini yeyote analijua jambo hilo, kwa sababu mahali pasipo na hewa watu hufa.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, zamu ikiisha, alirudi nyumbani, akafunga mlango, akafunga dirisha, akaziba matundu ya juu kwa gunia, kisha akalala humo na mkewe na watoto mpaka alfajiri. Nasi leo tunafanya hivyo hivyo, tuwe wa saruji kule Hima, wa jineri za pamba au wa mashamba ya kahawa mlimani. Kazini tunadai barakoa na feni. Nyumbani, ambako tunakaa saa nyingi kuliko kazini, na ambako watoto wetu wanakaa mchana na usiku, hatudai kitu, wala hatujiulizi.

Somo hili tunalileta kwa sababu ya ziara ambayo kikundi chetu kilifanya Nyakalengija, pale njia ya gari inapokwisha na ya wapanda mlima inapoanza. Mwenzetu mmoja wa huko alikuwa ameondoka katika nyumba ya udongo na nyasi, akajenga ya matofali na mabati kwa akiba ya miaka mingi. Sakafu ya simiti, madirisha ya kioo, kila kitu kizuri. Baada ya msimu mmoja wa mvua, pembe za chumba cha kulala zilikuwa nyeusi kwa koga, godoro lilinuka, na mtoto wake mdogo hakuacha kukohoa usiku. Alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: “Inakuwaje nyumba mbaya ilikuwa na hewa nzuri, na nyumba nzuri ina hewa mbaya?”

Tulikwenda tukasoma, tukawauliza mafundi na waganga. Haya ndiyo tuliyoyapata.

MAJI YANATOKA WAPI?

Watu wengi husema unyevu wa nyumba unatoka mvuani. Sehemu yake ni kweli, na tutaifikia. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayolowesha chumba cha kulala usiku inatoka kwetu wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa gramu 40 hivi za maji kila saa kwa pumzi na kwa ngozi. Mtoto hutoa pungufu. Familia ya watu watano ikilala saa nane, inamwaga hewani zaidi ya lita moja ya maji bila mtu kuona hata tone. Taa ya mafuta nayo huongeza, maana lita moja ya mafuta ya taa ikiungua yote hutoa karibu lita nzima ya maji kwa umbo la mvuke. Kuna sufuria ya maharage inayochemka jioni nzima, na kuna nguo zilizoanikwa ndani kwa kuwa nje kunanyesha.

Sasa tupime chumba. Chukua chumba cha meta 3 kwa 3, chenye kimo cha meta 2 na nusu. Hewa ya joto la nyuzi 25 za Sentigredi inaweza kubeba kama gramu 23 za mvuke katika kila meta moja ya ujazo, basi. Zidisha mwenyewe: chumba kizima, hata hewa yake ikishiba kabisa, hakibebi zaidi ya nusu lita hivi. Na hewa inapopoa uwezo wake unapungua haraka. Kwenye nyuzi 15 inabeba gramu 13 tu kwa meta moja ya ujazo. Familia imetoa zaidi ya lita moja, na chumba hakiwezi kubeba hata nusu lita. Yaliyobaki yataenda wapi?

Yanakwenda mahali penye baridi kuliko pote. Nyakalengija iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, mji wa Kasese uko karibu meta 1,000 tu, na usiku wa mlimani unatofautiana na wa bondeni. Bati ni jembamba, na anga ikiwa wazi bati hupoa kuliko hata hewa ya nje. Mvuke wa pumzi ukiligusa unageuka maji. Ndipo tunasema mabati yanatoka jasho. Kinachodondoka juu ya chandarua saa kumi usiku, na ambacho mama mwenye nyumba anadhani ni tundu la msumari, mara nyingi ni pumzi ya watoto wake inayorudi chini. Tumemwona mtu akilipa fundi mara mbili kuziba matundu ambayo hayakuwapo.

Hapo tukapata jibu la swali la mwenzetu. Nyasi zinapitisha hewa na hazipoi kama bati, na ukuta wa udongo hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana. Nyumba ile ya zamani ilikuwa ikipumua bila mwenyewe kujua. Alipojenga mpya aliziba kila upenyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na nyasi sasa lazima ifanywe na matundu.

“LAKINI HATA NJE KUNA UNYEVU”

Hili ndilo pingamizi tulilolisikia kila mahali, na linastahili kujibiwa kwa utaratibu. Watu wa mlimani wanasema: ukungu unashuka mpaka mlangoni, ukifungua dirisha unaingiza maji zaidi. Linaonekana kuwa jambo la akili. Tuliangalie kwa hesabu ile ile.

Hewa ya nje usiku, yenye ukungu na nyuzi 15, imeshiba, lakini shibe yake ni gramu 13 tu. Hewa ya ndani yenye nyuzi 22, ikikaribia kushiba, ina gramu 18 au 19. Basi ingawa ile ya nje inaonekana kwa macho kuwa na maji, na ya ndani haionekani, ya ndani ndiyo yenye maji mengi. Hewa ya nje ikiingia na kupata joto la chumba, inakuwa na nafasi tupu karibu theluthi moja. Ni kama gari lenye viti vitupu: linachukua abiria waliomo ndani na kutoka nao juu. Kwa hiyo hata usiku wa ukungu, hewa ya nje ni kikaushio, mradi iwe baridi kuliko ya ndani.

Upo wakati ambapo pingamizi hilo ni la kweli. Baada ya mvua ya asubuhi, jua likitoka kali saa sita, hewa ya nje huwa ya moto na nzito kwa mvuke, na ikiingia ndani ya chumba chenye sakafu ya simiti ya baridi, sakafu hutoka jasho. Bonde la Kasese linalijua hilo kuliko mlima. Wakati huo subiri kwanza, kisha fungua alasiri upepo ukianza.

NJIA MBILI, KAMA MGODINI

Dirisha moja peke yake ni njia moja. Hewa inaingia hatua mbili na kurudi. Zikiwepo njia mbili katika kuta zinazotazamana, upepo mdogo tu unasafisha chumba. Na kama hakuna upepo kabisa, bado tuna msaada mwingine: hewa ya joto hupanda. Tundu moja likiwa chini na lingine juu karibu na paa, hewa ya moto yenye mvuke hutoka juu, na ya baridi huvutwa chini kuijaza nafasi. Hakuna feni wala umeme unaohitajika.

Sisi wa bonde la Mubuku tuna bahati nyingine ambayo mafundi wa mjini hawaijui. Upepo wa mabonde ya mlima una ratiba. Mchana, jua likipasha miteremko, upepo hupanda kutoka bondeni kwenda mlimani. Usiku, mlima ukipoa, hewa nzito hushuka ikifuata mto. Kwa hiyo anayejenga Nyakalengija au Ibanda aweke matundu katika kuta mbili zinazotazama juu na chini ya bonde. Upepo utaingia upande mmoja mchana na upande wa pili usiku. Tumeona nyumba nyingi zimefanya kinyume: madirisha yanatazama barabara kwa ajili ya uzuri, na kuta zinazopokea upepo hazina hata tundu.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya kawaida ya ujenzi ni kwamba madirisha yasipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Kwa chumba chetu cha meta 9 za mraba, hilo ni dirisha la karibu meta moja kwa meta moja. Juu yake, weka matofali ya matundu chini ya paa pande zote mbili. Fundi mwashi anaweza kuyafyatua mwenyewe kwa kalibu ya mbao. Nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, kung'oa matofali mawili ya juu kila upande ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa yako mambo matatu yanayowafanya watu wazibe matundu hayo, na hatuwezi kuwalaumu bila kuyasikiliza. Kwanza ni mbu. Malaria ni adui wa kweli hapa kwetu, na mbu wengi huingia kwa upenyo uliopo kati ya ukuta na paa. Dawa yake ni wavu wa waya, siyo gunia. Wavu unamzuia mbu na kuiacha hewa ipite, ila hupunguza mwendo wake, hivyo tundu lenye wavu lifanywe kubwa zaidi. Usafishwe pia, kwa sababu masizi na vumbi huuziba kabisa baada ya miezi michache. Pili ni wezi; tundu la kimo cha juu lenye nondo mbili halimpitishi mtu. Tatu ni baridi, na hili tunakubali ni gumu. Mtoto mchanga hawezi kulala kwenye upepo. Kitanda kihamishwe kutoka katika njia ya hewa, tundu la chini lipunguzwe usiku, la juu lisizibwe kamwe. Blanketi moja zaidi ni nafuu kuliko matibabu ya kifua.

SIGIRI NDANI YA CHUMBA

Hapa hatutasema kwa upole. Msimu wa mvua, hasa kuanzia Machi hadi Mei na tena mwishoni mwa mwaka, wenzetu wanaingiza sigiri ndani ili kupasha chumba na kukausha nguo. Wanasubiri mpaka mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kisha wanafunga mlango wakiamini hatari imekwisha. Mambo ni kinyume. Mkaa usio na moshi ndio unaotoa kwa wingi ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba uhai. Mtu anasikia kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Na kwa kuwa ni usiku, anadhani ni uchovu wa zamu, analala, haamki.

Dalili moja ya kukumbuka: watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute malaria kwanza. Tafuta sigiri. Aliyezidiwa abebwe nje kwenye hewa, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kuyanywesha, hayaiondoi sumu hii, na humpalia mtu asiyejitambua. Sufuria ya maji juu ya sigiri haisaidii. Dirisha lililoachwa wazi kidogo hupunguza hatari, lakini haliiondoi. Mahali pa sigiri ni nje au jikoni penye matundu, basi.

Moshi wa kuni nao, ingawa hauui kwa usiku mmoja, unaua wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa kwenye kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayebebwa mgongoni na mama anayepika anavuta moshi ule ule, kwa mapafu madogo, na hatari yake ya kupata nimonia inakaribia kuwa mara mbili. Hapa bonde letu lina kejeli yake: umeme unazalishwa Bugoye, kwenye mto wetu, tangu 2009, na jirani wa mitambo bado anapuliza kuni mbichi.

Tukisubiri umeme wa bei tunayoiweza, yako ya kufanya. Jiko litengwe na chumba cha kulala, na liwe na tundu kubwa juu ya mafiga. Dohani ikijengwa ipite juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo unaurudisha moshi ndani. Kuni zikauke; zipangwe chini ya upenu wiki nyingi kabla, kwa sababu kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo na kutujaza moshi. Sufuria ifunikwe. Mtoto asikae jikoni kwa ajili ya joto.

KOGA, KUTA NA MAGUNIA YA KAHAWA

Koga hupenda unyevu, haijali kama nyumba ni ya tajiri. Mbegu zake huruka hewani na kumsumbua mwenye pumu na mtoto mwenye kifua chepesi. Ukutani ifutwe kwa sabuni na maji, dirisha likiwa wazi, kisha pakauke kabisa na papakwe chokaa, ambayo koga haiipendi. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Lakini ukifuta bila kuondoa sababu, itarudi kabla ya mvua kwisha. Kitanda na kabati visigusane na ukuta. Acha nafasi ya kiganja kimoja ili hewa ipite nyuma.

Maji ya mvua yana njia zake pia. Ukuta ukiwa na unyevu chini tu, kama mstari uliopanda kutoka sakafuni, hayo ni maji ya ardhi. Chimba mfereji upande wa juu wa mteremko, ongeza upenu, na anayejenga upya alaze karatasi ngumu ya nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali. Ukuta ukiwa mweusi juu pembeni, hiyo ni pumzi. Tofauti hiyo ndogo ingemwokolea mwenzetu wa Nyakalengija fedha za plasta mpya.

Kisha kuna jambo ambalo wakulima wa kahawa hawapendi kulisikia. Kahawa ambayo haijakauka inaletwa ndani kwa kuogopa wezi, na magunia yanapangwa chumbani kando ya kitanda. Kahawa inayofaa kuhifadhiwa ina unyevu usiozidi asilimia 12. Iliyo juu ya hapo inaendelea kutoa maji usiku kucha, nayo pia inavuta harufu ya moshi na koga. Kwa hiyo familia inapata kifua na kahawa inapoteza daraja kwa wakati mmoja. Tunajua kwamba ghala la pamoja lenye mlinzi linahitaji umoja kuliko linavyohitaji fedha, na umoja ndio mgumu. Kama lazima ilale ndani, iwe juu ya mbao, mbali na ukuta, katika chumba kisicho na mtu.

Mfanyakazi wa saruji au wa pamba aongeze tahadhari hii: nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Vumbi la kiwandani likikung'utwa kitandani, mtoto anafanya zamu ambayo halipwi.

Kuna ugonjwa mmoja zaidi. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kilichofungwa kinahifadhi vijidudu vyake kwa saa nyingi. Mtu anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi. Matibabu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Wakati anaendelea na dawa, madirisha yaliyo wazi yanawalinda wanaoishi naye.

NYUMBA ZA MWAJIRI

Yote haya yanamhusu aliye na nyumba yake. Je, anayekaa katika laini za kambi, chumba kimoja, ukuta wa nyuma hauna dirisha kwa sababu umeegemea chumba cha mwenzake? Huyo hawezi kung'oa tofali la mwajiri. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inazungumzia hewa ya mahali pa kazi. Kwa nyumba tunalo Pendekezo Namba 115 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1961, juu ya makazi ya wafanyakazi, ambalo linataja kinga dhidi ya unyevu, pamoja na upitishaji wa hewa. Pendekezo halina nguvu ya sheria, tusidanganyane. Lakini mezani kwenye majadiliano ni afadhali kuwa na karatasi kuliko kuwa na malalamiko, na gharama ya matofali ya matundu na wavu kwa laini nzima ni ndogo mno kuliko siku za kazi zinazopotea kwa vifua.

Kwa hiyo kila kikundi kifanye kazi hii kabla ya mkutano ujao. Wanachama wawili wawili wapite vyumba 10, wahesabu matundu yaliyo wazi na yaliyozibwa, waandike sababu ya kuzibwa kama mwenyeji anavyoieleza, watazame pembe za juu na za chini za kuta, na waulize sigiri hulala wapi. Wapime pia kwa njiti ya ubani au karatasi inayofuka: ikishikwa kwenye tundu la juu usiku, moshi unatoka nje, unarudi ndani, au umesimama? Majibu yaandikwe kwa namba za vyumba bila majina ya watu, na yakabidhiwe kwa katibu wa tawi. Kikundi kijadili: katika vyumba vilivyozibwa, ni vingapi ambavyo wavu wa waya peke yake ungetosha kuyafungua matundu? Na ni vingapi ambavyo havikupewa tundu hata moja tangu siku vilipojengwa?